Upepo Unaotangulia Mvua



Naanza na wapiga makasia. Joto limekaba mji wetu wa Kindu, hakuna jani linalotikisika. Mara upande wa Alunguli, ng’ambo ya mto, mbingu inakuwa nyeusi, na kabla tone moja halijaanguka unakuja upepo wa baridi. Uso wa mto Lualaba unabadilika rangi. Mto unashuka kaskazini, upepo unatoka mashariki, kwa hiyo wimbi linaupiga mtumbwi ubavuni. Mwenye kasia hangoji kuelezwa, anarudi ukingoni. Yeye ameiona fronti ya hewa.

Shuleni tulifundishwa fronti nyingine. Neno hilo walilieneza wataalamu wa hali ya hewa wa Bergen, Norwei, kina Vilhelm Bjerknes na mwanawe Jacob, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vimekwisha tu. Waliona hewa baridi ya kaskazini na hewa ya joto ya kusini zikikabiliana kama majeshi mawili. Mpaka wa namna hiyo huweza kuzidi kilomita 1,000 na kudumu siku kadhaa, kwa kuwa mzunguko wa dunia huzuia hewa hizo zisichanganyike upesi. Lakini Kindu iko nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, ambako nguvu hiyo ya mzunguko ni dhaifu mno. Nimesahihisha mitihani ambamo mtoto wa jimbo letu la Maniema anaichora vizuri fronti ya Ulaya, lakini hawezi kueleza mvua iliyomlowesha njiani. Jambo hilo linaniuma.

Fronti yetu huzaliwa na mvua yenyewe. Matone yakianguka, mengine hugeuka mvuke kabla ya kufika chini, na kugeuka huko hula joto la hewa. Hewa iliyopoa ni nzito. Chukua chumba cha mita 4 kwa 4, chenye kimo cha mita 3: hewa yake ikiwa na nyuzi 20 huzidi ile ya nyuzi 32 kwa kilo 2 hivi. Sasa fikirieni hewa yote iliyo chini ya wingu kubwa. Inaporomoka, na ikigusa ardhi inatapakaa kama maji ya ndoo iliyomwagwa sakafuni. Ukingo wake ndio ule upepo. Hewa ya joto na unyevu iliyokuwa mbele inanyanyuliwa, na hapo wingu jipya linaota. Kwa hiyo mvua inaweza kufa nyuma huku ikizaliwa mbele, na kutembea usiku kucha.

Iko pia mipaka mikubwa zaidi, kama ule ambapo unyevu wa Atlantiki hukutana na hewa ya Bahari ya Hindi. Huo huhamahama na majira. Lakini usiku wetu unaamuliwa zaidi na milima ya Kivu. Jua la mchana hupasha miteremko, mawingu hupanda, na pepo za mashariki zilizo kilomita 3 au 4 juu huyasukuma kwetu. Kabare, huko Kivu, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani. Kutoka Bukavu, jirani na Kabare, hadi hapa ni zaidi ya kilomita 300 kwa mstari ulionyooka. Dhoruba iliyoanza huko saa tisa alasiri, ikienda kilomita 40 kwa saa, hutufikia kama saa tano usiku. Nyingine hufia msituni, na nyingine huzaliwa papa hapa. Hata hivyo, saa hizo nane ni mali tunayoitupa.

Na hatari yake si ya mtumbwi tu. Tarehe 4 Aprili 2011 ndege ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Kisangani ilikutana na dhoruba ya aina hii ikitua Kinshasa. Upepo ulioporomoka kutoka wingu uliiangusha. Watu 32 kati ya 33 walikufa.

Ombi langu ni dogo. Shabunda iko karibu katikati ya njia ya dhoruba kutoka Bukavu hadi hapa, na Kalima iko karibu nasi zaidi. Tuweke wanafunzi wenye barometa na simu katika sehemu hizo mbili, kwani hewa nzito ikifika mgandamizo hupanda ghafla, na sindano huonyesha. Simu kutoka Shabunda ingetupa takriban saa nne za kujiandaa. Barometa ya tatu naomba ikae ng’ambo, kivukoni Alunguli, mikononi mwa wapiga makasia, maana upepo huo hufika kwao kwanza.