Upanga, Kitanzi na Kauli ya Mfiwa

(Maneno niliyoyasema kwenye kikao cha ndugu wa Afrika Mashariki, mtaa wa Al-Murabba, Riyadh)



Nimeombwa nifungue mjadala wa adhabu ya kifo. Kutoka hapa tulipokaa, dakika chache kwa gari unafika uwanja wa Dira, ambako kwa miaka mingi hukumu ya upanga ilitekelezwa hadharani. Kikao kilichopita kijana wetu mmoja alisema, "Bora kwetu, hatukati watu vichwa." Wengi mkacheka. Mimi sikucheka.

Mdogo wangu aliuawa Tanga. Muuaji akatiwa hatiani, jaji akatamka kunyongwa hadi kufa. Hakuwa na hiari: kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kiliweka adhabu hiyo moja tu kwa kuua kwa kukusudia. Marehemu mama alikuwemo mahakamani, na hakuna aliyemuuliza neno. Mpaka anafariki alikuwa akiniuliza kwenye simu, "Yule mtoto wa watu, washamnyonga?" Hawakumnyonga. Tanzania haijanyonga mtu tangu 1994. Wala hawakumpunguzia. Mama wawili, wangu na wake, wakabaki kungoja.

Sasa tutazame huku. Kwenye kisasi, warithi wa aliyeuawa wana kauli: wadai roho, wasamehe, au wapokee diya. Julai 2025 aliachiwa Mkenya aliyehukumiwa kwa kumuua mfanyakazi mwenzake mwaka 2011, baada ya kulipwa diya ya riyali milioni 3.5. Alhamdulillahi. Lakini asiye na wa kumchangia je? Na kesi za dawa za kulevya, ambazo watu walianza tena kuuawa kwazo Novemba 2022, hazina mrithi wa kusamehe.

Ndugu zangu, tunabishana upanga au kamba, kipi chenye staha. Hata majaji wametofautiana. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda ilisema kunyonga hakuvunji katiba. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, pale Arusha, katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania, ilisema kunyonga kunavunja utu. Lakini kwenye jambo moja zote mbili zilikubaliana, na Mahakama ya Juu ya Kenya ikasema hivyo hivyo 2017: sheria isimlazimishe jaji kutoa kifo. Uganda wakaongeza kwamba aliyengoja zaidi ya miaka 3 tangu mahakama ya mwisho ithibitishe adhabu yake, ibadilishwe iwe kifungo cha maisha.

Mimi ni mfiwa. Sikuja kumtetea muuaji. Ninachotaka ni jaji awe na hiari, mama aliyefiwa asikilizwe kabla ya hukumu, na asiwekwe mtu miaka nenda miaka rudi chini ya kitanzi ambacho hakuna anayethubutu kukivuta wala kukifungua.

Na wewe mwanangu uliyesema bora kwetu: huku mama yangu angeulizwa. Kwetu hakuulizwa. Tuanzie hapo, ndipo tuwacheke wenyeji wetu.

Naomba kuwasilisha. Wabillahi tawfiq.