Tukimpeleka mzazi hotelini: dawa, saa na sahani

  Leo nitaanza na kisa kilichonipata mimi mwenyewe, ninayekuja mbele ya kipaza sauti hiki kuwafundisha wengine.

Mama yangu anaishi Kaloleni. Ana kisukari, na amemeza vidonge kwa miaka mingi bila kukosa. Jumamosi moja alikuja kututembelea hapa Changamwe. Karibu na kwetu, upande wa Magongo, palikuwa pamefunguliwa hoteli mpya wiki hiyo hiyo, na mtaa mzima ulikuwa ukiisifu. Watoto wakasema, "Tumpeleke bibi akale biriani." Nami nikakubali. Nani hapendi kumfurahisha mama yake?

Sasa sikiliza makosa tuliyoyafanya. Mchana mama alikula kidogo sana. Nilipomwuliza, akajibu, "Mwanangu, naweka nafasi ya hiyo biriani yenu." Sote tukacheka. Saa kumi na mbili na nusu jioni akameza kidonge chake kama kawaida, kwa kuwa nyumbani kwake hula saa moja. Tukatoka kwa miguu. Tulipofika, hoteli ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Sufuria ya kwanza ilikuwa imekwisha na ya pili iko motoni. Mhudumu akatuambia, "Dakika tano tu." Msikilizaji, unazijua dakika tano za hotelini. Saa mbili ilipita tungali twasubiri.

Mama, ambaye ni mpole, akaanza kukasirika. Akasema nimrudishe nyumbani. Nikadhani hakupendezwa na kelele, au ameona bei ukutani. Kisha nikaona jasho kwenye paji la uso, na feni iko juu yetu. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Nilipomwita, alinijibu maneno yasiyoeleweka. Hapo ndipo nilipokumbuka kile kidonge.

Nilimwomba mhudumu soda ya kawaida, upesi. Mama akanywa nusu gilasi. Baada ya robo saa alianza kuniuliza kwa nini namkazia macho. Tulikuwa na bahati.

Msikilizaji, tukitaja kisukari wengi wetu huogopa sukari kupanda tu. Lakini sukari ikishuka kupita kiasi huweza kumwangusha mtu kwa muda mfupi sana. Dawa nyingine, hasa sindano ya insulini na vidonge kama glibenklamidi, hushusha sukari umekula au hujala. Ukishaitumia dawa hiyo halafu chakula kikachelewa, sukari ya damu hupungua hadi ubongo ukakosa nguvu ya kufanya kazi. Metformini ikitumiwa peke yake kwa kawaida haileti tatizo hilo. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua mzazi wako anatumia dawa gani. Soma pakiti. Ukishindwa, ipeleke kliniki uulize.

Dalili za sukari kushuka ni hizi: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kizunguzungu, hasira isiyo na sababu, na kuchanganyikiwa. Kwa mzee, kuchanganyikiwa kunaweza kuja mapema, na watu wakadhani ni uchovu wa safari au uzee tu. Ukiwa na kipimo na kikaonyesha chini ya 4, sukari imeshuka. Kama huna kipimo, usisubiri. Chukua hatua.

Hatua ya kwanza: kama yu macho na anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari vilivyokorogwa katika nusu gilasi ya maji, au nusu gilasi ya soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haitamsaidia.

Hatua ya pili: ngoja dakika 15. Hakupata nafuu? Rudia kiasi kile kile.

Hatua ya tatu: akipata nafuu, ale chakula. Ile soda pekee haitoshi, kwani sukari yaweza kushuka tena. Saa zinazofuata mwangalie, asilale peke yake bila mtu kujua.

Na kama amezimia, au hawezi kumeza, usimtie kitu chochote mdomoni, kwani kinaweza kumpalia. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali. Sisi wa Changamwe tuna hospitali ya Port Reitz. Ndugu zangu wa Likoni wana hospitali yao huko huko, msipoteze muda kwenye foleni ya feri. Hata akizinduka njiani, mfikishe kwa daktari.

Je, tuache kuwatoa wazazi wetu? La hasha. Tuwatoe, lakini tujipange. Mzazi asiruke mlo wa mchana kwa sababu ya karamu ya jioni. Dawa inayotakiwa kuandamana na chakula aibebe mkobani, aitumie kama alivyoelekezwa kliniki, pale chakula kinapokuwa mezani. Weka peremende au pakiti ndogo ya sukari mfukoni mwako. Tena ujue kwamba mzazi mgeni haombi chakula. Mama yangu aliniambia baadaye alihisi vibaya kwa muda mrefu, lakini aliona haya kunisumbua mbele ya watu. Basi usingoje aseme. Muulize.

Chakula kikifika, itazame sahani. Nusu iwe mboga, robo iwe wali, chapati au sima, na robo iwe samaki, kuku, nyama au maharagwe. Hoteli zetu hufanya kinyume: mlima wa wali na mboga kijiko kimoja. Basi agizeni biriani moja mgawane, muongeze mchicha na samaki wa kuchoma. Chai ya hotelini mara nyingi huja imeshatiwa sukari, kwa hiyo sema mapema. Na kama mzazi ana presha pia, asiongeze chumvi mezani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo, na hapo imehesabiwa ile iliyokwisha kutiwa jikoni.

Kabla ya yote hayo, hoteli ikiwa mpya, tumia macho. Je, pana maji yanayotiririka na sabuni ya kunawia? Chakula kinakuja cha moto, au kimekaa tangu mchana? Kachumbari imefunikwa, au inzi wametangulia kuionja? Mtaani kwetu maji ya mfereji hukatika, tukanunua ya mkokoteni au ya kisima, na visima vingine viko karibu na vyoo. Maji ya namna hiyo huweza kuleta kipindupindu na homa ya matumbo. Kwa hiyo uliza kama maji ya kunywa yamechemshwa, na usione haya. Mpishi na mhudumu wanatakiwa kupimwa afya kila miezi 6 na kupewa cheti. Ukiona mambo hayaridhishi, mwarifu afisa wa afya ya umma wa kaunti. Mzee mwenye kisukari akiharisha na kutapika yumo hatarini zaidi, kwa sababu hawezi kula na dawa bado iko mwilini.

Mama alirudi Kaloleni Jumatatu, kupitia Mazeras. Kabla ya kupanda matatu alinionyesha mkoba wake. Ndani mlikuwa na peremende sita. Akasema, "Hizi si zangu za kula. Ni za siku mtakaponialika tena." Alipokwenda kliniki alieleza yaliyompata, na daktari akapitia upya dawa zake. Nawe fanya hivyo: sukari ya mzazi wako ikishuka hata mara moja, kliniki iambiwe.

Msikilizaji, leo usiku mpigie mzazi wako simu. Muulize anameza dawa gani, saa ngapi, na hula saa ngapi. Andika majibu. Akija kukutembelea, utajua la kufanya.