HESABU YA MPIGAJI IMTENDEE HAKI MTOTO

(Haya ni maelezo ya mwandishi wetu mbele ya walimu wa michezo, wazazi na vijana wa Mlingotini, Wilaya ya Bagamoyo.)



Nimeombwa nizungumzie jambo dogo kwa sura lakini zito kwa matokeo yake, nalo ni jinsi ya kumpima kwa takwimu kijana anayepiga mpira katika softiboli. Mchezo huu ulizaliwa Chicago, Marekani, mwaka 1887, na ni ndugu wa besiboli. Katika nchi yetu bado ni mgeni, na umepata wapenzi kwa msaada wa Wajapani na kwa juhudi za walimu wa shule waliokubali kujifunza. Kwa wasioufahamu, mrushaji hurusha mpira kwa mkono unaotokea chini, naye mpigaji huupiga kwa gongo na kukimbilia vituo. Akipita vituo 3 na kurudi salama alipoanzia, timu yake imepata alama moja.

Swali linalotukabili ni hili: nani apangwe katika timu? Aghalabu tunachagua kwa macho. Mtoto mwenye misuli, aliyewahi kupiga mpira mmoja ukavuka minazi, husifiwa mwaka mzima. Tukisema kweli, mara nyingine mtoto wa fulani hupangwa kwa sababu ni wa fulani. Binti mnyamavu asiye na mtu wa kumsemea huketi pembeni hadi anauacha mchezo. Anajifunza mapema kwamba juhudi hailipi, na somo hilo atakwenda nalo shambani na kazini.

Dawa ya maradhi hayo ni daftari na kalamu. Aliyetufundisha dawa hiyo alikuwa mwandishi wa habari, Henry Chadwick, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1824 na kufanya kazi New York. Alianza kwa kuandika habari za kriketi, akahamia besiboli, na katika karne ile ya 19 akaeneza desturi ya kuandika hesabu za kila mchezaji. Kipimo kinachojulikana zaidi ni wastani wa mapigo: unachukua mapigo yaliyomfikisha mpigaji kituoni salama, unagawanya kwa zamu zake rasmi za kupiga.

Lakini kipimo hicho kina upofu. Mrushaji akirusha mipira 4 mibaya na mpigaji asiidandie, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure, na zamu hiyo haihesabiwi kabisa katika wastani. Chadwick mwenyewe aliona hilo ni kosa la mrushaji tu. Mwaka 1887 wakubwa wa besiboli ya Marekani waliamua kuhesabu vituo hivyo vya bure kama mapigo, wakaacha baada ya msimu mmoja. Kipimo cha kufika kituoni, kinachothamini subira ya mpigaji, hakikuwa takwimu rasmi ya ligi yao kuu mpaka mwaka 1984.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wasichana wawili wamepata zamu 20 kila mmoja. Wa kwanza amepiga mapigo salama 7, na hakupata kituo cha bure hata kimoja. Wastani wake ni 7 kwa 20, yaani 0.350. Wa pili amepata vituo vya bure 6, na katika zamu 14 zilizobaki amepiga mapigo salama 4. Wastani wake ni 0.286. Kwa kipimo cha zamani, wa kwanza ni bora. Lakini hesabuni ni mara ngapi kila mmoja amefika kituoni: wa kwanza mara 7 katika 20, wa pili mara 10 katika 20. Asiyefika kituoni hawezi kurudi na alama. Huyo wa pili ndiye tunayemwacha pembeni!

Liko jambo jingine ambalo sisi tuliolelewa katika maadili ya ujamaa hatuna budi kulipenda. Mpigaji anaweza kugusa mpira taratibu kwa makusudi, akakubali kutolewa ili mwenzake asogee kituo cha mbele. Katika daftari hilo huandikwa kuwa ni kujitolea, wala halipunguzi wastani wake. Mwalimu asiyeliandika anawafundisha watoto kwamba anayejitolea kwa ajili ya wenzake ni mjinga.

Hata hivyo, ndugu zangu, namba nazo hudanganya. Akina mama wa Mlingotini wanaolima mwani wanalifahamu jambo hili kuliko mimi. Mwani uliotoka baharini sasa hivi una uzito mkubwa. Ukikauka, uzito mwingi umekwenda na maji. Hakuna mwenye akili atakayelinganisha kilo ya mwani mbichi na kilo ya mwani mkavu. Takwimu za watoto nazo zina maji mengi. Kwanza, walinzi wadogo hudondosha mipira, hivyo kituo kilichopatikana kwa kosa la mlinzi kiandikwe katika safu yake, kisichanganywe na pigo. Pili, mapigo 5 dhidi ya mrushaji aliyeanza jana hayalingani na mapigo 2 dhidi ya mrushaji hodari. Tatu, zamu 10 ni chache mno: tofauti ya 2 kwa 10 na 3 kwa 10 ni mpira mmoja uliogonga jiwe ukapinda.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kila timu iwe na mwandishi wa daftari asiye mzazi wa mchezaji. Safu ziwe chache: zamu, mapigo salama, vituo vya bure, makosa ya walinzi, kujitolea, na kutolewa bila kuugusa mpira. Mtoto asihukumiwe kabla hajapewa zamu za kutosha. Na daftari lisibandikwe ukutani ili watoto wachekane. Mwalimu alisome pamoja na mtoto, amwonyeshe la kufanyia kazi kesho.

Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto huko Williamsport, Marekani. Walitoka katika Afrika Mashariki hii hii. Nasi tunao watoto wenye vipaji hapa pwani, na bei ya daftari haimshindi mtu. Kinachohitajika ni moyo wa kuandika kilichotokea, na ujasiri wa kumpanga yule ambaye hesabu imemtetea, hata kama hatukumtarajia.