TEGU ANAPOINGIA NDANI YA JICHO
(Mazungumzo kwa wanakisomo wa Ngara na Biharamulo)



Leo tuzungumzie tegu wa nguruwe. Wengi tunamjua kuwa ni mnyoo wa tumboni. Lakini mtoto wake anaweza kukaa hata ndani ya jicho, na akifia humo jicho linaweza kupofuka.

Anafikaje huko? Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva, yenye vifuko vyeupe kama punje, hupata tegu mkubwa tumboni. Mayai ya tegu huyo hutoka na choo. Sasa basi, mtu akiyala mayai hayo kwa mikono michafu, mboga au maji, watoto wa tegu hutoboa utumbo na kuchukuliwa na damu mpaka kwenye misuli, ubongo au jicho. Kwa hiyo hata asiyeonja nguruwe maisha yake yote anaweza kuugua.

Mgonjwa huona ukungu, au kivuli kinachotembea. Pengine jicho huwa jekundu na kuuma. Majirani watasema, "Ana mtoto wa jicho," au "Karogwa huyo." Tusibahatishe! Twende zahanati tupate barua ya hospitali ya wilaya, na ikibidi rufaa ya Bugando, Mwanza. Daktari wa macho hutia dawa ya kupanua mboni, kisha humulika ndani. Akikuta kifuko cheupe chenye doa, tena kinajongea, amemjua adui.

Mwenye dalili hizi asinunue dawa ya minyoo dukani. Dawa ikimwua mdudu ndani ya jicho, jicho huvimba na kuharibika. Dawa yake ni upasuaji, mdudu atolewe mapema akiwa mzima. Akiwa mbele, daktari hupasua kidogo pembeni. Akiwa nyuma, hupitisha vyombo vyembamba sana. Kichwa nacho hupigwa picha, maana wadudu wa ubongoni huleta kifafa.

Ndugu, mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitufundisha kuchimba vyoo. Somo hilo halijaisha. Tutumie choo, watoto pia. Nguruwe wafungwe bandani, wasizurure. Nyama ipikwe mpaka iive ndani. Tunawe mikono kwa sabuni. Mwenye tegu tumboni atibiwe hospitali, asije akaambukiza nyumba nzima.