Mpera wa Nyumbani na Funza Wanaotunyang'anya Mapera

Mada iliyotolewa kwenye semina ya maofisa ugani na vikundi vya bustani za nyumbani, Morogoro



Nimeombwa nizungumzie kilimo cha mpera nyumbani. Nitakayoyasema ni maoni yangu yaliyotokana na kazi, si msimamo wa ofisi. Naomba radhi mapema: upandaji nitaupitia haraka, kwa sababu wengi wenu mnaujua, na muda nilioupata nitautumia kwa jambo ambalo limenisumbua miaka mingi.

1. Mpera na matunzo yake

Mpera asili yake ni nchi za joto za Amerika, lakini umeshakuwa mti wetu. Hauchagui udongo na hustahimili jua. Gramu 100 za pera huwa na miligramu zipatazo 200 za vitamini C, zaidi ya mara tatu ya chungwa. Kuhusu upandaji: shimo la sentimita 60 kila upande, samadi iliyooza debe moja au mawili, maji mpaka mche ushike. Mche wa mbegu si lazima ufanane na mama yake. Kwa hiyo ukiupenda mpera wa jirani, omba tawi. Chubua gome kama pete, funga udongo mnyevu kwa nailoni, subiri mizizi itoke, kisha kata upande.

Jambo moja nisilolipita haraka ni kupogolea. Maua ya mpera hutoka kwenye machipukizi mapya, hivyo mti unaopogolewa huzaa vizuri zaidi kuliko unaoachwa uende juu. Tena mti mfupi mkono unaufikia. Umuhimu wa mkono kufika mtauona sasa hivi.

2. Inzi wa matunda

Chukueni pera lililoanza kugeuka rangi, mligeuze taratibu mwangani. Mtaona kitobo kama cha ncha ya sindano, mara nyingine na tone dogo la utomvu lililokauka juu yake. Ukibonyeza pale kwa kidole gumba, panabonyea. Ukipasua, funza weupe wamo ndani, na yule aliyekomaa hujikunja kama upinde akajirusha kutoka mkononi. Hilo ndilo tatizo la mpera wa nyumbani. Mengine yote ni madogo.

Inzi wa matunda tunao tangu zamani, wa asili ya Afrika. Lakini mwaka 2003 inzi mgeni kutoka Asia alionekana pwani ya Kenya, na mwaka huo huo hapa Tanzania. Wataalamu walimpa jina la Bactrocera invadens mwaka 2005. Mwaka 2015 ikathibitishwa kwamba ni yule yule Bactrocera dorsalis anayejulikana Asia. Jina limebadilika, hasara haikubadilika. Huyu anashambulia maembe, mapera, hata kungu, na hapa kwetu amewazidi nguvu inzi wenyeji sehemu za chini zenye joto.

Jike hutaga chini ya ganda la tunda. Mayai huanguliwa baada ya siku chache, funza hula nyama ya pera, pera huoza na kudondoka. Funza hutoka, huingia ardhini sentimita chache tu, huko hugeuka buu gumu la kahawia. Baada ya siku kumi hivi inzi mpya anatoka, na jike mmoja hutaga mayai mamia. Kwa hiyo pera lililodondoka na kuachwa chini ya mti ni kitalu cha inzi.

Sasa tunafanya nini? Tunapuliza dawa. Wenzangu, funza yumo ndani ya tunda na buu limo ndani ya udongo. Dawa ya juu ya majani haiwafikii, ila inaufikia mdomo wa mtoto atakayechuma pera jioni. Au tunatundika mtego wenye harufu ya methili eujenoli, unajaa inzi waliokufa, mwenye nyumba anafurahi. Mtego huo unavuta madume peke yake. Jike aliyekwisha kupandwa anaendelea kutaga. Mtego unafaa kama sehemu ya kazi, hasa ikitundikwa mingi eneo zima, lakini mmoja kwenye ua mmoja hauokoi mapera.

Niwaeleze kisa. Katika mtaa mmoja niliowahi kuuhudumia kulikuwa na mama, mwalimu mstaafu, mwenye mipera miwili. Nilimwelekeza kuokota mapera yaliyodondoka kila asubuhi, akafanya hivyo msimu mzima bila kukosa. Nilipomrudia alinipasulia pera mbele yangu, funza wamejaa. Akaniambia, "Bwana shamba, mimi naokota, jirani anafuga." Ng'ambo ya michongoma palikuwa na kiwanja ambacho mwenyewe haishi hapo, na mpera mkubwa umedondosha mapera mpaka ardhi imekuwa ya njano. Niliandika barua ofisini kuomba uokotaji wa mapera usimamiwe kimtaa. Niliandika tena. Jibu nililopata ni kwamba mpera si zao la kipaumbele. Naheshimu vipaumbele, lakini inzi anayelelewa kwenye pera hilo ndiye anayekwenda kwenye embe, na embe tunalihesabu kuwa la biashara.

Hatimaye balozi wa nyumba kumi aliitisha kikao kidogo, akazungumza na ndugu wa mwenye kiwanja, watoto wakapangiwa zamu ya kuokota. Msimu uliofuata mama alinipa pera nikalila pale pale nimesimama. Funza hawakuisha, ila mapera mazima yalipatikana. Sijasahau ladha ile.

3. Mapendekezo

Kwanza, okoteni mapera yaliyodondoka kila siku, na yale yaliyooza mtini yachumeni. Kila siku maana yake kila siku. Funza hangoji Jumamosi.

Pili, msiyatupe kwenye mboji wala jalalani. Huko tunawahamishia inzi makazi tu. Zamani tulishauri kuyafunga kwenye mfuko mweusi wa nailoni juani. Tangu katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019 mifuko ile ya kubebea imetoweka, na sisi maofisa ugani hatukutoa mbadala kwa wakati. Tumieni ndoo kuukuu yenye mfuniko unaobana, iwekwe juani siku kadhaa, au yafukieni sentimita 50 au zaidi na kushindilia udongo. Shimo la kina cha kiganja halitoshi.

Tatu, wenye kuku wawaachie chini ya mpera. Wanachakura na kula mabuu.

Nne, pera likiwa dogo na gumu livikeni mfuko wa karatasi ya kaki au kitambaa cha kanga kuukuu. Gazeti huloa na kuchanika wakati wa masika. Kazi hii inahitaji mkono ufike; ndiyo maana nilisema mti uwe mfupi.

Tano, sisimizi waitwao maji moto wakijenga kwenye mpera wenu, msiwachome. Wanauma, najua, lakini wanawinda funza na kuwafukuza inzi wanaotaka kutaga. Wakulima wa mikorosho na minazi wanawafahamu kwa kazi kama hiyo.

Sita, dawa zisipulizwe kwenye mpera wa nyumbani wenye matunda. Nimeshasema sababu.

Saba, na hili naliomba kwa viongozi wa mitaa: usafi wa matunda uingizwe kwenye siku ya usafi wa mtaa, viwanja visivyo na watu vikiwemo. Naomba pia ofisi zetu ziupokee mpera kama sehemu ya vita dhidi ya inzi wa maembe. Nimeliomba hili kabla ya leo.

Nane, okoteni kila siku. Narudia kwa sababu ndilo linaloachwa kwanza.

Nyuma ya ukumbi huu kuna mpera. Asubuhi kabla hatujaanza nilihesabu mapera 31 chini yake. Nimekuja na ndoo mbili zenye mifuniko, na kabla ya chai naomba twende pamoja.