Franka yenye wanakata ku mushahara: uombe karatasi yake

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wafanyakazi, Goma, 2023



Leo tunataka kusema na wewe mwenye asubuhi unafundisha, mangaribi unachunga depo ya mutu. Ao wewe mwenye ulifanya miezi sita ku shirika moja, mukataba ukaisha, ukaingia ku ingine. Kila mwisho wa mwezi wanakukata franka. Ukiuliza ni ya nini, wanakujibu: «Ni ya Leta.» Jibu hiyo haitoshe.

Mu 2023 ile franka iliitwa IPR, ni kodi ya mapato ya kazi. Mwajiri njo anaikata, na yeye njo anapashwa kuipeleka ku DGI, mwisho tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Wewe haupange mustari kule. Kwa hiyo wengi wanafikiri haiwaangalie. Lakini ile feza ilitoka ku jasho yako. Mwajiri ni wa kuipeleka tu.

Tufanye hesabu pamoja, kwa sheria ya kodi ya 2023. Kwanza wanatosha 5% ya CNSS. Kwa yenye inabakia, franka 162.000 za kwanza za mwezi zililipa 3%. Kutoka hapo mpaka 1.800.000, kipande hicho kililipa 15%. Halafu 30% mpaka 3.600.000, na 40% kwa yenye inapita hapo. Lakini kodi yote haikuweza kupita 30% ya mapato.

Tuseme unabakia na 400.000. Utalipa 4.860 kwa kipande cha kwanza na 35.700 kwa cha pili, jumla 40.560. Kama walikukata 15% ku mushahara wote, ni 60.000. Unapoteza 19.440 kila mwezi, 233.280 kwa mwaka. Ile 15% ya moja kwa moja ilikuwa ya kweli mu 2023, lakini ilikuwa ya mutu wa kazi ya kupita tu. Kama uko na mukataba wa kudumu, usikubali wakuhesabu vile.

Tena, mu 2023 kila mutu mwenye unalisha kisheria alipunguza kodi kwa 2%, mpaka watu 9. Uko na bibi na watoto wanne? Ni 10%: ile 40.560 inashuka, inakuwa 36.504. Peleka karatasi za ndoa na za kuzaliwa kwa watoto. Usipozipeleka, mwajiri hatakisia familia yako.

Sasa wenye kazi mbili. Kila mwajiri anahesabu yenye yeye analipa. Hajue ya mwenzake. Kwa hiyo wewe njo unapashwa kuchunga karatasi za pande zote mbili. Wengine wanaomba kazi ya pili iwalipe mukononi bila kuandika, ili kodi isionekane. Tunaelewa, maisha ni nguvu. Lakini uangalie yenye unaacha: mwajiri anapashwa kuongeza 13% yake ku CNSS juu ya mushahara wako, kwa uzee, kwa familia na kwa ajali ya kazi. Ukilipwa mukononi, ile yote inabakia ku mufuko wake. Siku ukivunjika muguu ku kazi, nani atasema ulikuwa mufanyakazi wake?

Na wenye wanabadilisha kazi: mbele ya kutoka, uombe vitu vitatu. Kwanza, karatasi za mushahara za miezi yote. Pili, hati ya kumaliza kazi. Sheria ya Kazi ya 2002 inalazimisha mwajiri kukupatia. Tatu, namba yako ya CNSS. Namba ni ya mutu, si ya kampuni: mupelekee mwajiri mupya ile ile. Kama wanakulipa feza ya kuvunja mukataba, mu 2023 kodi yake ilikuwa 10%, haikufuata ile hesabu ya juu. Kiisha upite ku ofisi ya CNSS uulize kama miezi yako imefika. Usingojee uzee njo ujue haikufika.

Wandugu, Katiba yetu, kifungu cha 175, inasema 40% ya mapato ya kitaifa ni ya mikoa. Tunaiomba kila siku kwa barabara, kwa maji, kwa mishahara ya walimu. Lakini mutu mwenye hana karatasi hata moja atauliza namna gani feza yake ilienda wapi?

Mwisho wa mwezi huu, kila mumoja wetu aombe karatasi yake. Aombe kwa heshima, lakini aombe. Wenye watanyimwa, muandike mwezi na franka yenye walikata, mulete. Mutu mumoja anaweza kufukuzwa. Kumi wakiingia pamoja kwa inspekta wa kazi, watasikilizwa.