Tarishi wa Kompyuta



Mama yangu mkubwa, wa hapa Mbangala, alisafiri mara tatu kufuata karatasi moja. Kumbe habari zake zilikuwa tayari katika kompyuta za ofisi mbili. Hakuwapo tarishi wa kuzikutanisha.

Tarishi huyo alikwisha kubuniwa. Mwaka 1994 kampuni ya General Magic ya Marekani ilitoa Telescript, lugha ya kuandikia programu zinazohama kutoka kompyuta hadi kompyuta, zikafanya kazi huko huko ziliko habari, zikarudi na jibu. Aliyeituma programu aliweza hata kuzima chombo chake wakati iko safarini.

Hazikuenea. Sababu moja kubwa ni hofu: nani amfungulie mlango mgeni asiyemjua? Na mgeni naye aweza kuporwa njiani.

Leo programu za akili bandia zinaanza kutumwa vivyo hivyo, na hofu ni ile ile. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu mwaka 2022. Basi, ndugu zangu mlio maofisini, tumtume tarishi. Lakini abebe jina la aliyemtuma, na akikosea awepo mtu wa kujibu. Mama asipande gari mara ya nne.